Saa za Mteja: Maswali ya Kawaida Kuhusu Mafunzo ya Vitendo ya Saikolojia Nchini Australia

Maelezo haya yameandaliwa kwa makundi mawili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Australia. La kwanza ni wanafunzi wa uzamili wa saikolojia, wakiwamo waliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi, ambao kila wiki wanajaza daftari la saa bila kuwa na hakika kipi kinaingia na kipi hakiingii. La pili ni wateja: mtu aliyepewa miadi kwenye kliniki ya chuo kikuu, shuleni au kituo cha afya, akaarifiwa kwamba atakayemhudumia bado yuko mafunzoni. Maswali yao tumeyaweka pamoja kwa makusudi. Saa inayoandikwa kwenye daftari la mwanafunzi ndiyo saa ileile ambayo mtu mwingine aliketi akieleza shida yake, na kila upande una haki ya kujua jinsi inavyohesabiwa.

Saa ya mteja ni nini hasa?

Ni muda ambao mwanafunzi anatoa huduma ya kisaikolojia moja kwa moja kwa mteja, chini ya uangalizi wa msimamizi. Huduma hiyo inaweza kuwa mahojiano ya kwanza, tathmini (yaani kuchunguza hali ya mtu kwa mazungumzo au kwa vipimo maalumu), tiba ya mazungumzo, au kumpa mteja ushauri na mbinu za kukabiliana na tatizo lake. Jiulize mambo matatu: je, mteja alikuwapo? Je, huduma ilikuwa ya kisaikolojia? Je, mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyeitoa? Likikosekana moja, saa hiyo si ya mteja, hata kama kazi ilikuwa nzito na ya lazima.

Nani anaweka kanuni hizi?

Kuna vyombo viwili. Bodi ya Saikolojia ya Australia ndiyo inayosajili wanasaikolojia na wanagenzi, yaani wale walio mafunzoni, ikishirikiana na AHPRA, wakala wa taifa wa usajili wa wataalamu wa afya, chini ya mfumo ulioanza Julai 2010. Baraza la ithibati, APAC, hukagua kozi za vyuo vikuu na kuthibitisha kwamba zimefikia kiwango. Viwango vyake vya kozi za saikolojia vilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Chuo chako kinaweza kudai zaidi ya kiwango cha chini, lakini hakiwezi kukipunguza.

Mwanafunzi anatakiwa kufikisha saa ngapi?

Inategemea njia anayopitia. Kwenye shahada ya uzamili ya miaka miwili, mafunzo ya vitendo hayapungui saa 1,000, na ndani yake saa za mteja hazipungui 400. Kwenye njia inayoitwa 5+1, yaani miaka mitano ya masomo kisha mwaka mmoja wa kazi chini ya msimamizi, mwaka huo wa mwisho una saa 1,500: saa 1,360 za kazi ya kisaikolojia, 80 za usimamizi na 60 za kujiendeleza kitaaluma. Katika zile 1,360, saa zisizopungua 500 lazima ziwe za mteja, na baadaye mwanagenzi hufanya mtihani wa taifa.

Wapo wanaoambiwa na jamaa au rafiki kwamba bado kuna njia ya 4+2, ambayo ilihitaji miaka minne ya masomo na miwili ya kazi. Njia hiyo ilikuwapo kweli na imetoa wataalamu wengi, ila ilifungwa kwa waombaji wapya tarehe 30 Juni 2022. Kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, hakikisha inaongoza kwenye njia iliyo wazi.

Mbona saa za mteja ni chache kuliko saa zote za mafunzo?

Kwa sababu kazi ya mwanasaikolojia haiishii pale mteja anapotoka chumbani. Kuna kumbukumbu za kuandika, vipimo vya kusahihisha, ripoti, vikao na wataalamu wengine, na kusoma juu ya tatizo ambalo hujawahi kukutana nalo. Bodi inaiita kazi hiyo shughuli zinazohusiana na mteja, na inaihesabu kwenye jumla ya saa za kazi, lakini si kwenye saa za mteja. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapochanganya mambo, kwa hiyo tutoe mfano wa siku moja.

Tuseme ni Jumatano kwenye kliniki ya chuo. Saa tatu asubuhi mwanagenzi anampokea mteja mpya na kufanya naye mahojiano ya kwanza kwa dakika 50, kisha anaandika kumbukumbu kwa dakika 25. Saa tano anampima mtoto wa miaka minane kwa kipimo cha uwezo wa akili kiitwacho WISC, na kipimo kinachukua dakika 75. Kukisahihisha na kupanga alama kunachukua saa nzima nyingine. Saa nane mchana mteja wa tatu hakutokea. Saa tisa anazungumza kwa simu na mama wa yule mtoto kwa dakika 40 kuhusu makuzi yake, tangu ujauzito hadi alivyoanza shule. Saa kumi anakaa na msimamizi wake kwa saa moja.

Mwanagenzi huyo amekuwa kazini siku nzima, lakini saa za mteja ni dakika 50, na 75, na 40: jumla saa 2 na dakika 45. Kumbukumbu na usahihishaji vinaingia kwenye kazi inayohusiana na mteja, na usimamizi unaandikwa kwenye safu yake peke yake. Hakuna kilichopotea, kila kitu kimewekwa mahali pake.

Mteja asipotokea, au akichelewa?

Asipotokea, hakuna saa ya mteja ya kuandika, hata kama ulijiandaa jioni nzima. Akifika dakika 20 baada ya muda wa miadi na mkazungumza dakika 30, andika dakika 30. Wanafunzi wengine wanaona kanuni hii ni ya kuwaumiza, na tunaelewa uchungu wa wiki yenye miadi sita na wateja wawili tu. Hata hivyo, kusudi la saa hizi ni kuhakikisha kwamba mtu amejifunza kwa kukaa na watu wenye shida, na kiti kitupu hakimfundishi mtu kusikiliza.

Saa moja ni dakika 60 au 50?

Andika dakika halisi, isipokuwa mwongozo wa kozi yako unaeleza vinginevyo kwa maandishi. Baadhi ya wanafunzi wamesoma miongozo ya Marekani, ambako chama cha vituo vya mafunzo, APPIC, kinaruhusu kikao cha dakika 45 hadi 50 kuhesabiwa kuwa saa moja. Kanuni hiyo ni halali huko, lakini usiihamishie huku kwa kudhani ni ya dunia nzima.

Kikundi cha watu wanane kwa saa moja na nusu ni saa ngapi?

Ni saa moja na nusu. Kinachohesabiwa ni muda wako, si idadi ya waliokuwamo. Kama mnaongoza kikundi wanagenzi wawili, kila mmoja huandika muda huo pale tu ambapo kweli alishiriki kuongoza. Aliyekaa pembeni akiandika tu, huyo ni mtazamaji.

Kumtazama msimamizi akifanya kazi kunahesabiwa?

Kutazama ni sehemu ya kujifunza na kuna safu yake kwenye daftari, lakini kwa kawaida si saa ya mteja kwa sababu huduma inatolewa na mtu mwingine. Ukipewa sehemu ya kikao uiongoze mwenyewe, mathalani kuuliza historia ya ugonjwa au kumweleza mteja matokeo ya kipimo, sehemu hiyo inaweza kuingia. Kubalianeni na msimamizi siku hiyohiyo, msingoje mwisho wa muhula.

Na igizo, ambapo mtu analipwa ajifanye mteja?

Mazoezi ya igizo yanatambuliwa, lakini kwa kiasi kilichowekewa kikomo, na lazima yawe yamepangwa na kusimamiwa. Soma kikomo hicho kwenye mwongozo wa njia yako. Kufanya igizo na mwanafunzi mwenzako sebuleni ni mazoezi mazuri, lakini hayaingii kwenye daftari.

Simu na video?

Zinaingia, ilimradi kilichofanyika ni huduma ya kisaikolojia na mteja yuko upande wa pili wakati huohuo. Simu ya kupanga miadi haiingii, wala ujumbe wa kumkumbusha mteja kuja Ijumaa, wala barua pepe ya kumtumia fomu.

Usalama uwekewe mkazo hapa. Kabla ya kuanza kikao cha mbali, mwanagenzi amuulize mteja yuko wapi kwa wakati huo, nani mwingine yumo ndani, na namba ipi ipigwe mawasiliano yakikatika. Mteja naye ana haki ya kumuuliza mwanagenzi kama yuko peke yake chumbani.

Mteja anaweza kuwa mwalimu, mzazi au kampuni?

Ndiyo. Katika saikolojia, mteja anaweza kuwa mtu mmoja, wanandoa, familia, kikundi, taasisi, hata jumuiya. Anayejifunza saikolojia ya kazini huandika saa alizokaa na uongozi wa kiwanda akichunguza kwa nini wafanyakazi wanaacha kazi, na aliye shuleni huandika kikao cha kumpa mwalimu mbinu za kumsaidia mtoto asiyetulia darasani. Mazungumzo ya dakika mbili kwenye korido, “yule kijana anaendeleaje?”, hayaandikwi.

Mkalimani akiwapo, saa inahesabiwa nusu?

Hapana, inahesabiwa yote. Uvumi huu umewafanya baadhi ya wanafunzi wasite kuwapokea wateja wasiozungumza Kiingereza, na wateja wenyewe wakaogopa kwamba wanamharibia mwanafunzi hesabu zake. Kikao chenye mkalimani huchukua muda mrefu kwa sababu kila neno linasemwa mara mbili, na muda huo wote mteja yuko na mtoa huduma wake. Huduma ya taifa ya ukalimani, TIS National, inapatikana kwa namba 131 450 saa 24, na ukiomba mkalimani unapoweka miadi hupunguziwi heshima wala nafasi yako kwenye foleni.

Tunawasihi wazazi wasiwatumie watoto wao kukalimani. Mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kuwa ndiye anayetamka kwa Kiingereza yale mama yake aliyopitia njiani kutoka Kivu.

Mimi ni mwanagenzi na najua Kiswahili. Nikimkalimania mwenzangu, naandika saa ya mteja?

Huandiki, kwa sababu wakati huo unafanya kazi ya mkalimani. Huduma ya kisaikolojia inatolewa na mwenzako. Zaidi ya hapo, ukalimani ni taaluma yenye mafunzo na maadili yake, na kujua lugha peke yake hakutoshi. Kituo kikikuomba ufanye hivyo mara kwa mara, kiambie kwa adabu, kisha mweleze mratibu wa mafunzo chuoni.

Salamu na habari za nyumbani zinahesabiwa?

Ndani ya kikao, ndiyo. Mtu mzima wa kwetu hawezi kuanza kueleza usiku asiolala kabla hajaulizwa habari za watoto, za safari na za waliobaki nyumbani, na dakika hizo kumi ndizo zinazojenga imani. Mwanagenzi asizikate kwa haraka, na msimamizi asiyeujua utamaduni huo aelezwe kwa nini vikao vinaanza hivyo.

Je, nikikutana na mteja wangu msikitini, kanisani au harusini?

Hiyo si saa ya mteja, na si mahali pa kuendelea na mazungumzo ya kliniki. Jamii za Waswahili katika miji ya Australia ni ndogo, kwa hiyo jambo hili litatokea tu. Kubalianeni mapema, katika kikao cha kwanza, mtasalimianaje mkikutana nje. Wateja wengi hupendelea salamu ya kawaida bila kutajwa walipojuana. Kama mteja ni ndugu, jirani wa karibu au mtu mnayeshirikiana naye kwenye chama cha kufa na kuzikana, mweleze msimamizi kabla ya kumpokea. Mara nyingi ni salama zaidi mteja huyo apewe mtu mwingine.

Mimi ni mteja. Kwa nini nihudumiwe na mwanafunzi?

Kwa sababu hakuna mwanasaikolojia aliyekomaa bila kuanza na wateja wa kwanza. Aliye mbele yako amekwisha kusoma saikolojia kwa miaka kadhaa, amesajiliwa na Bodi kwa usajili wa muda, na kila anachokifanya kinapitiwa na msimamizi mwenye idhini. Huko New South Wales kijana anayejifunza gari hujaza daftari la saa 120 kabla ya mtihani wa barabarani, na mtu mzima mwenye leseni hukaa kiti cha pembeni wakati wote. Msimamizi wa mwanagenzi ana wajibu wa namna hiyo, ingawa mara nyingi humwoni akiwa chumbani.

Wengine husema, “wanatufanyia majaribio.” Hofu hiyo ina mizizi, hasa kwa watu ambao waliwahi kupimwa na kuhojiwa kambini bila kuelezwa sababu, na hatuibezi. Mafunzo ya vitendo si utafiti. Ukitakiwa kushiriki utafiti wowote, lazima uelezwe kando, uombwe ridhaa kando, na uweze kukataa bila huduma yako kuguswa.

Nina haki gani nikiwa na mwanagenzi?

Una haki ya kuambiwa tangu mwanzo kwamba yuko mafunzoni, na jina la msimamizi wake. Una haki ya kuomba kuongea na msimamizi huyo, kuomba mtoa huduma mwingine, kuacha wakati wowote, na kuelezwa gharama kabla ya kuanza. Jina la mwanagenzi unaweza kulitafuta kwenye rejista ya AHPRA, ambayo iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti bila malipo. “Mwanasaikolojia” ni cheo kinacholindwa na sheria Australia, na anayejiita hivyo bila usajili anavunja sheria.

Ameomba kurekodi kikao. Nikubali?

Uamuzi ni wako. Wanagenzi hurekodi ili msimamizi aone jinsi wanavyofanya kazi, na hiyo ni njia mojawapo ya kukulinda wewe. Hata hivyo, rekodi haifanyiki bila ridhaa yako, na unaweza kuuliza nani ataitazama, itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Ukikataa usifukuzwe kimyakimya; kituo kikueleze kama kuna njia nyingine, kama vile msimamizi kuingia na kuketi nanyi.

Jina langu litaandikwa kwenye daftari lake la saa?

Halipaswi kuandikwa. Daftari linabeba tarehe, muda, aina ya huduma na namba au alama isiyokutambulisha, kwa mfano: “Jumanne, mteja 14, dakika 50, mahojiano ya kwanza, ana kwa ana.” Jina lako na maelezo yako hubaki kwenye jalada la kituo, ambalo lina ulinzi wake.

Siri zangu zitatoka?

Kwa kawaida hazitoki nje ya mwanagenzi, msimamizi wake na kituo. Ipo mipaka, na unapaswa kuelezwa katika kikao cha kwanza: pale penye hatari kubwa kwa maisha yako au ya mtu mwingine, pale mtoto anapodhuriwa, au mahakama inapoagiza nyaraka. Baadhi ya waliokuja kama wakimbizi wanaamini kwamba wanayosema kliniki hupelekwa moja kwa moja kwenye ofisi za uhamiaji. Hilo si kweli. Ukitaka barua ya kupeleka uhamiaji, au usitake chochote kitumwe huko, uliza waziwazi na upate jibu kabla ya kusaini fomu.

Mwanagenzi anaweza kunirudisha mara nyingi ili atimize saa zake?

Haruhusiwi. Idadi ya vikao hutokana na hitaji lako, na msimamizi hupitia mpango wa huduma kwa ajili ya mambo kama haya. Ukihisi tatizo lako limeisha na bado unaitwa, sema hivyo. Ukiona aibu kumwambia mwanagenzi, mwambie msimamizi. Vilevile muda wa mafunzo ukiisha wakati wewe bado unahitaji msaada, usiachwe hewani: uelezwe mapema na ukabidhiwe kwa mtu mwingine.

Nikitaka kulalamika?

Anza na msimamizi au mkuu wa kituo kama unajisikia salama kufanya hivyo. Usiporidhika, peleka kwa AHPRA. Kwa aliye New South Wales, chombo ni Tume ya Malalamiko ya Huduma za Afya, na Queensland ni Ofisi ya Ombudsman wa Afya. Unaweza kuomba mkalimani katika kila hatua.

Sasa ni hatari, siwezi kungoja miadi.

Kama maisha yako hatarini, piga 000 mara moja. Kwa msaada wa kuzungumza na mtu usiku au mchana, Lifeline iko kwenye 13 11 14. Mwanagenzi si huduma ya dharura, na hapaswi kutoa namba yake binafsi ili awe hivyo.

Mimi ni mwanagenzi na saa hazitoshi. Nifanye nini?

Mwone mratibu wa mafunzo mapema, ukiwa na daftari lako mkononi. Kufikisha saa 500 katika wiki 44 ni wastani wa zaidi kidogo ya saa 11 za mteja kila wiki. Ukiona miezi miwili imepita ukiwa na nne au tano kwa wiki, tatizo halitajirekebisha. Zipo suluhu za kawaida: kuongezewa kituo cha pili, kubadilishiwa majukumu, au kuongeza muda. Kituo kinachokutumia kupokea simu na kupanga majalada hakitimizi makubaliano ya mafunzo, na kulisema hilo si utovu wa shukrani.

Kinyume chake pia hutokea. Mwanagenzi anayerundikiwa wateja saba kwa siku bila nafasi ya kukaa na msimamizi hayuko salama, wala wateja wake hawako salama. Mpango wa 5+1 una saa moja ya usimamizi kwa kila saa 17 za kazi, na uwiano huo haupaswi kuvunjwa kwa sababu foleni ni ndefu.

Nikizidisha kidogo, nani atajua?

Daftari hulinganishwa na ratiba ya kituo, majalada ya wateja na kumbukumbu za msimamizi, ambaye naye anaweka sahihi yake. Kuandika saa ambazo hazikufanyika ni udanganyifu wa kitaaluma. Unaweza kukunyima shahada na usajili, na humwingiza matatani msimamizi aliyekuamini. Tunasema haya bila kutisha mtu. Mara nyingi udanganyifu huanza pale mwanafunzi alipoona aibu kusema kwamba amepungukiwa, na kusema kungemwokoa.

Kama nilikosea kwa kutojua?

Sahihisha. Mwonyeshe msimamizi ulipokosea, piga mstari juu ya maandishi ya zamani bila kuyafuta, andika maelezo sahihi na tarehe. Kosa lililosahihishwa waziwazi halifanani na udanganyifu.

Saa nilizofanya Nairobi au London zitakubaliwa?

Haziingizwi moja kwa moja, kwa sababu kila nchi ina hesabu yake. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Uingereza, anayesomea saikolojia ya ushauri nasaha kwa kiwango cha udaktari hutakiwa kufikisha saa 450 za mteja, wakati kozi za ushauri nasaha zinazotambuliwa na chama cha BACP huanzia saa 100. Ukihamia Australia, Bodi hutathmini sifa zako zote kwa pamoja, na daftari lililosainiwa vizuri, lenye maelezo ya kila kituo na msimamizi, ni ushahidi wenye nguvu. Liombe kabla ya kuondoka ulikosomea; kumtafuta msimamizi wa zamani baada ya miaka sita ni kazi ngumu.

Kanuni hizi zinaweza kubadilika?

Ndiyo, hubadilishwa mara kwa mara. Kabla ya kuanza kituo kipya, soma toleo la sasa la mwongozo wa Bodi na wa chuo chako, na jambo lolote lisiloeleweka lipatie jibu la maandishi kutoka kwa msimamizi. Kwa wateja, swali la kwanza la kuuliza mnapoketi ni hili: “Msimamizi wako ni nani, na nitampataje?” Mwanagenzi aliyeandaliwa vizuri atakujibu papo hapo.